Pierre Fauchard, fundi wa meno aliyekihofia chuma chake

Huku kwetu Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, kuna hofu moja ambayo nimeisikia tangu zamani na ambayo haijafa hadi leo. Watu hawahofii sana kung'olewa jino. Jino likizidi kuuma mtu atakwenda, atadungwa sindano ya ganzi, litang'olewa, atarudi nyumbani na pamba mdomoni, na kesho yake utamkuta shambani akichuma majani chai kama kawaida. Wanachokihofia ni kule kukwanguliwa. Mtu mwenye fizi zilizovimba na zinazotoka damu, akiambiwa kwamba sharti ugaga ukwanguliwe kwa chuma mpaka chini ya ufizi, atashukuru kwa adabu na hatarudi tena. Ukimwuliza atakupa na sababu: fulani alikwenda akakwanguliwa, akatoka na fizi zilizochanika, na tangu siku hiyo meno yake yamerefuka kama ya sungura wala hawezi kunywa maji ya baridi.

Hofu hiyo siidharau. Nilikwanguliwa mara moja katika zahanati ambayo sitaitaja, na aliyenihudumia alikuwa na haraka. Chuma kiliteleza kikanichana ufizi wa mbele, chini, na kwa siku nne chakula changu kilikuwa uji uliopoa. Lakini mabishano ya sokoni juu ya jambo hili hayana mwisho, kwa sababu kila mtu analeta mdomo wake kuwa ushahidi. Kwa hiyo nimeona heri niwasimulie wasomaji habari za bwana mmoja Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1761, ambaye aliijua hofu hii kutoka upande wa pili, yaani upande wa mkono ulioshika chuma. Jina lake Pierre Fauchard. Madaktari wa meno ulimwenguni kote humwita baba wa kazi yao.

Alizaliwa Ufaransa karibu na mwaka wa 1678, katika familia ambayo haikuwa na jina. Mnamo 1693, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aliingia katika jeshi la majini la mfalme, akawekwa chini ya mpasuaji mmoja wa merikebu aliyeitwa Alexandre Poteleret. Huyu Poteleret alikuwa ameyashughulikia sana maradhi ya kinywa, na haikuwa kwa kupenda. Mabaharia wa zama hizo walikuwa wakiliwa na kiseyeye. Walikaa miezi baharini kwa biskuti kavu na nyama ya chumvi, bila tunda wala mboga, na fizi zao zikavimba, zikawa nyeusi, zikaoza na kunuka, hata zikayafunika meno yenyewe.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu ndogo katika habari hizo. Vasco da Gama na watu wake walipopanda pwani yetu mwaka wa 1498 walikuwa na kiseyeye kikali, na huko Mombasa, mwezi wa Aprili, waliletewa machungwa na ndimu. Waliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari 1499, wakiwa wamezika wenzao wengi baharini, jambo la kwanza walilolitaka Malindi ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kumbe dawa walikuwa nayo mkononi. Hata hivyo ilipita miaka karibu mia mbili na hamsini kabla ya James Lind, mpasuaji wa melini wa Uingereza, kuonyesha kwa majaribio mwaka wa 1747 kwamba machungwa na malimau ndiyo yanayoponya. Katika muda huo wote waganga wa melini walitegemea kisu. Walikata nyama iliyooza ya ufizi, wakamwacha mgonjwa asukutue damu, na wengi walikufa vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo shule aliyosomea kijana Fauchard. Alianza kazi kwa kuona ufizi ukikatwa, na nadhani hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Baada ya miaka michache aliacha bahari akaenda kufanya kazi katika mji wa Angers, na mnamo 1718 au 1719 akahamia Paris. Msomaji asidhani kwamba Paris ya siku hizo ilikuwa na madaktari wa meno kama tuwajuavyo. Tangu 1699 palikuwa na sheria ya kuwapa mtihani wataalamu wa meno, lakini mtu wa kawaida mwenye jino bovu alikwenda kwa kinyozi, au darajani Pont Neuf, ambako jitu moja lililojulikana kwa jina la Grand Thomas lilisimama na kofia yake ya ajabu, likang'oa meno mbele ya umati huku watu wakicheka na kupiga makelele. Mwaka wa 1729 mfalme alipopata mtoto wa kiume, bwana huyo alitangaza kung'oa meno bure kwa furaha. Mimi nikisoma habari zake nawakumbuka wale wachuuzi wa sokoni wenye kipaza sauti na chupa ya dawa moja inayotibu maradhi kumi na mawili. Tena nakumbuka jambo baya zaidi, ambalo limefanyika katika sehemu nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania: kuwachokoa watoto wachanga ufizi kwa spoku ya baiskeli ili kutoa kile kinachoitwa meno ya nailoni au ya plastiki, ambayo si kitu ila machipukizi ya meno ya kweli. Grand Thomas angalau aliwang'oa watu wazima waliokuja kwa miguu yao.

Fauchard alichukia mambo mawili katika kazi hiyo. La kwanza lilikuwa siri. Kila fundi alificha alichokijua, akafa nacho, au akamwachia mwanawe. La pili lilikuwa ukatili usio na sababu. Mgonjwa alikalishwa sakafuni, kichwa chake kikabanwa baina ya magoti ya fundi, shingo ikapinda, na fundi akainama juu yake katika kivuli chake mwenyewe. Fauchard alisema kwamba ukaaji huo ni wa aibu na wa hatari, kwa kuwa mgonjwa aliyeogopa hutikisika na chuma huenda pasipotakiwa. Akaagiza kiti imara chenye mikono, mgonjwa akae sawasawa, kichwa kiegemee, mwanga uingie kinywani, na fundi asimame. Leo tunaona ni jambo dogo, kwa kuwa hatujapata kukalishwa sakafuni.

Mwaka wa 1723 alikuwa amekwisha kuandika kitabu. Akakipeleka kwa waganga na wapasuaji wakisome kwanza na kukikosoa, na 1728 kikachapishwa Paris katika majuzuu mawili, pamoja na michoro ya vyombo, kila kimoja na umbo lake. Alikiita Mpasuaji wa Meno, na jina hilo la kazi ndilo alilojiita yeye mwenyewe, akitaka litofautishwe na kinyozi na mtu wa darajani. Mwaka wa 1733 kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kijerumani. Wenzake wengine hawakufurahi hata kidogo. Bwana huyu alikuwa ameweka mezani kila kitu walichokuwa wakikiuza kama siri.

Ndani ya kitabu hicho kuna mambo mengi ambayo sina nafasi ya kuyaeleza: kuziba meno kwa risasi au dhahabu, kunyoosha meno yaliyopinda, kutengeneza meno ya bandia. Kuna pia habari ya mdudu wa jino, ambaye hata huku kwetu bado anatajwa. Fauchard alitafuta mdudu huyo kwa darubini asimwone. Wala sitamficha msomaji kwamba bwana huyu mkubwa aliwashauri wenye maumivu ya meno wasukutue kwa mkojo wao wenyewe. Alikuwa mtu wa zamani zake.

Lakini nataka tukae kwenye sehemu ya kukwangua ugaga, maana hapo ndipo anapozungumza na Kianjokoma.

Hakuwa wa kwanza kuuandikia. Karne saba kabla yake, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, mpasuaji Mwislamu aliyefariki karibu na mwaka wa 1013, alichora katika kitabu chake kikuu, Al-Tasrif, vikwangulio kumi na vinne vya maumbo mbalimbali, kwa sababu, alieleza, upande wa ndani wa jino hautaki chombo kile kile cha upande wa nje, wala cha katikati ya meno mawili. Yeye bado alikilaza kichwa cha mgonjwa mapajani pake. Lakini alikuwa na busara moja ambayo ningependa kila mwenye haraka aijue: ugaga usipomalizika leo, mgonjwa arudi kesho, na kesho kutwa, na siku ya nne, mpaka umalizike.

Fauchard alitumia vyombo vitano. Kimoja kilikuwa patasi ndogo, kingine kama mdomo wa kasuku, cha tatu kama kalamu ya mchonga nakshi yenye nyuso tatu, cha nne kisu chenye ubapa uliobenuka, na cha tano ndoana iliyopindwa mfano wa herufi Z. Kila kimoja kilipewa kazi yake na upande wake wa kinywa. Kila mara anarudia maonyo yale yale: ufizi usijeruhiwe, jino lisitikiswe, gamba la nje la jino lisikwanguliwe pamoja na ugaga. Anaeleza hata mkono wa kushoto ukae wapi, ambao hauna chombo, maana ndio unaozuia mdomo na kuushikilia ule wa kulia usiteleze. Mtu aliyechanwa ufizi na mkono ulioteleza, kama mimi, ataisoma sehemu hiyo kwa makini.

Alikwenda mbali zaidi. Alikataa miswaki ya singa za farasi iliyokuwa imeanza kutumika Ulaya, akisema ni migumu na inaharibu, akapendelea sifongo na maji. Aliwashutumu wale waliopaka meno asidi kali ili yang'ae upesi, kwa kuwa weupe huo huja pamoja na kuliunguza jino na ufizi. Sisi tuna mswaki wetu wa mti, na sidhani kwamba angeukataa, lakini angetaka ncha yake itafunwe mpaka iwe laini kabla haijagusa ufizi.

Mwaka wa 1746 alitoa toleo la pili. Humo aliongeza habari ya ugonjwa alioutenga na kiseyeye cha mabaharia. Hawa hawakuwa watu wa melini. Walikula vizuri, miili yao ilikuwa na afya, na meno yao hayakuoza wala kuuma. Hata hivyo ukibonyeza ufizi kwa kidole, usaha ulitoka kando ya jino, na meno yakalegea moja baada ya jingine mpaka yakadondoka yakiwa mazima. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya waliuita ugonjwa huo kwa jina lake. Lugha yetu ya Kiswahili imekuwa na neno moja tu, kiseyeye, kwa fizi zote zitokazo damu, na nadhani hilo limetuchelewesha kuona kwamba kuna magonjwa mawili: moja huponywa na chungwa, na jingine hata ukila gunia zima la machungwa haliponi usipoondolewa ugaga na ukoga shingoni mwa jino.

Chanzo chake hakukijua. Vijidudu vilivyomo katika ukoga vilikuja kueleweka zamani sana baada yake, na ganzi hakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo mgonjwa wake alikwanguliwa akisikia kila kitu. Labda ndiyo sababu mkono wake ulikuwa mwangalifu hivyo.

Sasa, je, wale wanaolalamika sokoni wana haki? Wana haki kwa sehemu. Chuma cha kukwangulia chini ya ufizi huingia katika mfuko mwembamba baina ya jino na nyama. Upande mmoja wa ubapa hukabili jino, na mgongo wake hukabili nyama laini, na kila mvuto huikwaruza nyama hiyo kidogo, hata fundi awe nani. Chuma kikiwa butu ni kibaya kuliko kikali, maana fundi hulazimika kukandamiza kwa nguvu, na nguvu ndiyo huteleza. Zile mashine za siku hizi zinazotetema nazo huunguza zikikosa maji ya kuzipoza. Mwaka wa 1982, watafiti wa Göteborg, Sweden, walipima jambo hili kwa milimita. Waliona kwamba mahali ambapo mfuko wa ufizi ulikuwa na kina kisichofika milimita 2.9 hivi, kukwangua mzizi kuliupunguzia ufizi mshiko wake juu ya jino. Mfuko ulipozidi kina hicho, mgonjwa alipata faida. Utafiti mwingine wa 1988 ulionyesha kwamba sehemu ya hasara inayoonekana baada ya matibabu haikuletwa na ugonjwa bali na chuma chenyewe. Kwa maneno mengine, mwenye ufizi mzima asikwanguliwe chini ya ufizi kwa kutaka usafi tu, na mwenye ufizi mgonjwa asiogope, mradi anayemkwangua apime kwanza kwa kijiti chenye alama kabla hajaingiza chuma.

Na kuhusu yale meno ya sungura. Ufizi mgonjwa umevimba, na uvimbe huo huuficha mzizi. Ukipona, hunywea, na mzizi huonekana. Mtu hujitazama katika kioo akasema amechongwa, kumbe mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa kitambo, na ulioondoka sasa ni uvimbe tu. Maji ya baridi yanamshtua kwa kuwa mzizi hauna lile gamba gumu la juu. Mara nyingi hutulia baada ya wiki chache. Vivyo hivyo damu: ufizi wenye ugonjwa hutoka damu hata ukiguswa na unyasi, kwa hiyo damu peke yake haimshtaki fundi. Bali mchaniko unaoonekana kwa macho, au kidonda ambacho baada ya wiki mbili hakijafunga, huo ni mkono wa mtu, na mgonjwa ana haki ya kurudi akauliza. Nawaambia hasa watafunaji wa muguka, ambao wengi wana upande mmoja wa kinywa uliochakaa kuliko mwingine, na ambao husubiri mpaka jino licheze ndipo waende.

Wala si kila mmoja wetu atafika huko. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Denmark na wenzao wa Kenya walipima vinywa vya watu wazima zaidi ya elfu moja wilayani Machakos. Karibu wote walikuwa na ugaga na fizi zitokazo damu. Lakini uharibifu mkubwa, wa mifuko mirefu na meno yanayolegea, ulikuwa kwa watu wachache tu, na wengi walifika uzeeni na meno yao. Kabla ya hapo vitabu vya Ulaya vilidhani kwamba Mwafrika wa shambani lazima apoteze meno kwa kukosa daktari. Kumbe kazi ni kuwatambua wale wachache mapema, na chuma kipelekwe kwao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974, na kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kusomea kazi hiyo alilazimika kwenda nje.

Fauchard mwenyewe alistawi. Mwaka wa 1734 alinunua jumba la Grand-Mesnil, huko Bures-sur-Yvette, kusini-magharibi ya Paris, jambo ambalo mng'oa meno wa darajani asingeliota. Mwanawe Jean-Baptiste hakuutaka urithi wa vyombo vile vitano. Akawa mwigizaji wa michezo ya kuchekesha katika ukumbi mashuhuri wa Comédie-Française, akijiita Grandmesnil kwa jina la jumba la babake. Mzee alifariki Paris mwezi wa Machi 1761, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu. Kitabu chake kilichapishwa mara ya tatu mwaka wa 1786.

Waingereza walichelewa sana. Ilibidi wangoje hadi 1946 ndipo wakisome kwa lugha yao, na aliyekitafsiri alikuwa Bibi Lilian Lindsay, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa meno katika Uingereza, aliyefuzu Edinburgh mwaka wa 1895 baada ya shule moja ya London kukataa hata kumwingiza mlangoni, akahojiwa akiwa amesimama njiani. Toleo alilolichagua kulitafsiri lilikuwa lile la 1746, lenye habari ya usaha na meno yanayodondoka mazima.